Mahali pa Kugeuzia Magari

Jumatano, 2 Aprili

Daftari hili ameniletea binti yangu Hasina kutoka Ukunda. Amesema, "Mama, kila ukitaka kumtukana Nthambi, andika humu kwanza, halafu unyamaze." Basi naanza. Nthambi ni mke wa mwanangu Suleiman, na sina hamu naye. Aliposilimu alipewa jina la Zaituni. Mwite Zaituni uone kama atageuza shingo.

Nimetoka eda siku chache kabla ya Idd. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani ya nyumba hii ya Mkongani, na muda wote huo nilisikia mapanga yakilia huko juu ya shamba. Nikiuliza, naambiwa wanapalilia. Leo nimepanda kwa miguu yangu kwenda kuona walichopalilia. Suleiman na mkewe wamefyeka mpaka ukingo wa kilima. Wamechonga barabara ambayo lori lingepita, na chini ya mkanju wa juu wameweka benchi. Wenyewe wanapaita "vyu pointi". Ukikaa hapo unauona msitu wote wa hifadhi, na mbali kule bahari ya Diani. Mpango wao ni kwamba wageni wazungushwe hifadhini kwa gari asubuhi, mchana wateremke kwa miguu hadi maporomoko ya Mwanda, kisha waje shambani kwangu kunywa madafu na kupiga picha.

Nimerudi chini bila kumwambia mtu neno. Chini ya mkanju ule amelala mwanangu wa kwanza.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikulala. Mvua imenyesha kidogo alfajiri.

Ijumaa, 4 Aprili

Niliandike mara moja, nisilirudie.

Alikuwa msichana, na hakufika arobaini. Mimi nilikuwa bado chumbani nikilea uzazi. Ilikuwa masika, na mto ulikuwa umejaa hata wanaume wakashindwa kuvuka kumpeleka maziarani. Bibi mmoja jirani alimkosha. Mume wangu Mbarak na ndugu yake Mwero wakampandisha juu ya shamba wakamzika huko. Mwanamke hafuati maiti, tena mwanamke wa siku chache za uzazi hatoki hata kizingitini. Nilimwona akibebwa tu, amefunikwa leso yangu. Mbarak aliporudi alikuwa na tope mpaka magotini. Nikamwuliza, "Umemweka wapi?" Akasema, "Penye mkanju. Nimemtilia mawe mawili, kichwani na miguuni. Tusimtaje tena, Biasha, tutajiumiza."

Hatukumtaja. Watoto wengine walizaliwa, Hasina na Suleiman, na hakuna aliyewaambia. Mwero amefariki, yule bibi amefariki, na sasa Mbarak. Nami sikupanda kule hata siku moja. Mwanzoni ni kwa kuwa nilikatazwa, na baadaye ni kwa kuwa nilikwisha kuzoea kukatazwa. Lakini mkanju ule unaonekana kutoka mlango wa jikoni. Kila asubuhi nikitoka kuwasha moto nimekuwa nikiuelekea na kusoma Fatiha, maisha yangu yote ya ndoa.

Sasa kuna benchi. Mawe sikuyaona, watakuwa wameyang'oa. Mtu mwenye macho anajua kaburi likoje. Mawe mawili yamesimama peke yake chini ya mti, utasema ni nini? Alijua. Nthambi alijua na akayang'oa.

Jumapili, 6 Aprili

Hasina amepiga simu akauliza kama naandika. Nikamwambia daftari litajaa kabla ya Mei.

Amesema nikae na Nthambi nimweleze kinachonikera. Yeye hajui kinachonikera, anadhani ni biashara ya wageni tu. Nimweleze Nthambi? Juzi walikuja wageni wanane kutoka Nairobi, nikawa ndani naswali adhuhuri. Nilipotoa salamu nikasikia sauti yake dirishani: "Hapa ndipo mavyaa wangu alifungiwa miezi minne, mzee alipokufa. Ni mila ya huku." Nikageuka nikakuta vichwa viwili dirishani. Mmoja ameinua simu. Eda yangu imegeuzwa kitu cha kutazamwa, nyani na tembo kwanza, halafu mjane. Nilifunga dirisha kwa nguvu hata bawaba ikang'oka.

Kwa hiyo, la. Nikimwambia habari ya mwanangu, Jumamosi inayofuata atawasimulia watu walioshika madafu. Atawaonyesha kwa kidole.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nthambi amepita jikoni akasema, "Sasa mama, umeamkaje?" Sikuitikia. Shikamoo ni neno moja tu, halimchubui mtu ulimi.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimekwenda nao Mwanda. Si kwa mapenzi, nilitaka kujua huyu anauza nini.

Anauza jasho. Watu wazima, wenye kazi zao, wanatoka mjini na kulipa ili wateremke mlima kisha waupande tena. Kila mmoja ameshika fimbo mbili za chuma kama kiwete, na wote ni wazima. Nthambi alitangulia, nyuma yake askari wa hifadhi na bunduki yake, kisha wageni, na mimi mwisho na bakora ya marehemu. Njia ni ya utelezi. Nilimwambia mama mmoja mnene kwamba majani haya makavu ndiyo nyumba ya swila, na mwezi huu ndio wa kuangua. Nilitaka arudi, aondoke na wenzake. Badala yake alinishika mkono na hakuuachia mpaka chini, ananiita "shosho", bibi kwa lugha yao, ananisimulia habari za talaka yake. Nilipata nilichokitafuta.

Karibu na mto Nthambi aliinua mkono. Watu wote wakasimama. Chini yetu, karibu kabisa, tembo walikuwa wanavuka, majike na watoto wao, na hatukusikia hata kijiti kuvunjika. Yule mama alianza kulia kimyakimya. Nilimtazama Nthambi, nikitaka nimwone anaogopa. Alisimama tu, mkono juu, anatazama upepo unavyopeleka majani, mpaka yule wa mwisho alipopita. Kisha akasema polepole, "Tungoje kidogo. Kuna mwenye amebaki nyuma." Na kweli, alikuwapo.

Hakuogopa. Nilikasirika zaidi kuliko kama angeogopa.

Wakati wa kupanda magoti yalinigomea. Nthambi alirudi kuninyooshea mkono. Nilishika mizizi nikapanda kwa mikono na miguu mbele ya wageni wote. Usiku huu siwezi kukunja goti kuswali, nimeswali kitini.

Jumatatu, 14 Aprili

Magoti. Mvua. Suleiman ameniletea dawa ya kuchua, amesema ni Nthambi aliyeinunua. Nimeiweka dirishani.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepaka. Mwenye kuuza dawa hana kosa.

Jumamosi, 19 Aprili

Pasaka, na wageni ni kama siafu. Asubuhi nimetazama kutoka mlango wa jikoni nikaona magari matatu yamepanda mpaka chini ya mkanju, yanarudi nyuma, yanageuza, moja limepandisha gurudumu juu ya mizizi. Gurudumu. Juu ya mwanangu.

Sijui nilifikaje juu. Magoti yenyewe yalisahau kuuma. Nilichukua mkeka wangu wa kuswalia, nikautandika katikati, mbele ya gari la Suleiman, nikakaa nikatoa tasbihi.

Suleiman akashuka. "Mama, unafanya nini?"

"Nashukuru Mungu kwa hewa safi. Si ndiyo mnayouza?"

"Mama, wageni wanataka kuondoka."

"Waondoke kwa miguu. Wameipenda sana."

Akaja Nthambi amefunga kitambaa kichwani, uso umemvimba kwa hasira. "Mama, sema kitu unataka. Useme tu. Ukikaa hapo tutajuaje?"

"Nataka magari yasipande hapa. Yaishie kule chini kwenye uwanda, nusu ya kilima, yageuzie huko."

"Kule ni mbali na benchi. Wageni watapanda na mvua?"

"Wana fimbo mbili mbili."

Tukatazamana. Niseme kweli, ni mwanamke ambaye hakwepeshi macho. Wageni wakawa wanapiga picha. Nilikaa pale mpaka adhuhuri, nikaswali palepale, nikakaa tena. Mwishowe Suleiman akaja akachutama mbele yangu, amechoka, anafanana na baba yake. "Basi, mama. Magari yatageuzia chini kwenye uwanda. Ondoka juani."

Nimeshinda. Nimerudi nyumbani nikapika wali wa nazi, nikala peke yangu, nikala vizuri.

Jumapili, 20 Aprili

Magari yote yamegeuzia chini. Nimesimama chini ya mkanju nikayahesabu kwa raha. Kisha nikasoma Yasini, mara ya kwanza kuisoma hapa penyewe badala ya mlangoni. Wageni wawili walikuja kukaa kwenye benchi wakaniona wakarudi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kubwa. Hakuna wageni, Alhamdulillahi.

Ijumaa, 2 Mei

Nimedai benchi liondolewe. Nthambi amesema, "Hiyo benchi haitoki." Mtu ameolewa pwani miaka saba na bado benchi kwake ni "hiyo". Nikamwambia hilo. Akasema wazazi wake wamelima katika skimu ya mashamba ya huku tangu yeye hajazaliwa, na kama ni upwani, kitovu chake kimezikwa Msambweni, hospitali. Nikamwambia kitovu si mtu. Akaondoka akapiga ndoo teke.

Jumanne, 6 Mei

Suleiman anadhani mimi nina wivu. Ndiyo maana leo amekuja na maneno matamu, "Mama, twende tukuzungushe mbugani, nawe uone." Nikavaa buibui nikapanda mbele.

Nimeishi umri wangu wote kando ya hifadhi hii. Tembo wake wamekula mahindi yangu, nyani wake wameiba kuku wangu, lakini langoni sijawahi kupita. Kumbe ndani kuna barabara nyekundu zinazozunguka vilimani, na nyasi fupi mithili ya uwanja wa skuli, na ukungu. Wageni nyuma walikuwa wakinong'ona kana kwamba wako msikitini. Nthambi alikuwa akiwaelekeza, hapa simama, pale punguza mwendo.

Penye kona moja palahala alisimama katikati ya barabara. Dume, mweusi tititi, tumbo jeupe, pembe zimepinda mpaka karibu na mgongo. Alitutazama. Suleiman akazima gari. Hakuondoka upesi, alikuwa ana haki na barabara kuliko sisi na alijua. Kwa muda mdogo nilisahau kuchukia mtu.

Nthambi akainama kutoka nyuma. "Umefurahi, mama?"

"Nimeona mbuzi mkubwa," nikasema.

Akacheka. Nami kidogo nicheke, nikajibana.

Jumatano, 7 Mei

Nimejikasirikia siku nzima kwa ajili ya jana.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ya wiki nzima. Barabara ya chini imeanza kuchimbika. Wageni wanne tu.

Ijumaa, 23 Mei

Leo nimeng'oa msumari mmoja wa benchi. Kesho wa pili.

Jumamosi, 24 Mei

Mgeni mmoja ameanguka na benchi, mwanamume mzito mwenye kofia. Hakuumia, ametapakaa tope tu. Nthambi hakunisema mbele ya wageni. Jioni alikuja jikoni, akafunga mlango nyuma yake, akasimama.

"Mama, mimi sikukufanyia nini? Nimezaa wajukuu wako. Nimebadilisha dini. Mzee alipougua nani alimwosha? Hasina alikuwa Ukunda. Ni mimi. Hii njia mzee mwenyewe aliniruhusu, alisema chonga, shamba lisilale bure. Wewe unanichukia tu ju mimi ni Mkamba."

"Sikuchukii kwa Ukamba wako."

"Sasa ni kwa nini?"

Neno lilinifika hapa kooni. Wallahi lilifika. Kisha nikavikumbuka vile vichwa viwili vya dirishani. Nikasema, "Nakuchukia kwa sababu huulizi kabla hujachimba."

Hakuelewa. Atanielewaje? Akasema, "Haya basi, uzidi kunichukia," akatoka. Asubuhi nikakuta benchi limegongomelewa misumari mipya, mirefu.

Ni kweli kwamba alimwosha Mbarak. Sikutaka kuliandika, lakini Hasina alisema niandike kila kitu. Alimwosha miguu, alimgeuza, hakukunja pua hata siku moja.

Jumamosi, 7 Juni

Idd kubwa. Hasina amekuja na watoto. Amesoma kurasa mbili za daftari hili bila ruhusa, akafika pale pa swila akacheka mpaka akakaa chini. Nikamnyang'anya kabla hajarudi kwenye za mwanzo.

Jumanne, 10 Juni

Mvua. Mto umejaa, unasikika kutoka hapa.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote.

Mvua ilinyesha tangu Alhamisi. Wageni walikuja vilevile, kikundi cha wapanda milima, hawa hawajui mvua ni nini. Maporomoko hawakufika, askari wa hifadhi aliwazuia, basi wakazungushwa kwa gari na kuletwa kwangu. Wakati wa kuondoka Suleiman akaenda kugeuza kwenye uwanda, na gari likazama.

Nilikuwa chini ya mkanju, nimesimama na mwavuli. Niliona vizuri. Gurudumu la nyuma lilizunguka palepale likarusha tope mpaka juu ya watu. Wakasukuma. Likazama zaidi. Wakatia matawi, wakatia mawe, Suleiman akakanyaga mafuta, gari likanguruma na gurudumu likachimba na kuchimba mpaka shimo likafika magotini. Nthambi alikuwa nyuma akisukuma pamoja na wanaume, nguo zote zimemganda. Naandika kama ilivyokuwa: nilifurahi. Nilisema moyoni, wacha lizame, wacha lichimbe mpaka kuzimu, ili msirudi tena hapa.

Trekta la jirani ndilo lililowatoa. Wageni walipoondoka, Nthambi akapanda mpaka nilipo, na Suleiman nyuma yake. Hakuwa na adabu tena, na hata mimi nisingekuwa nayo.

"Imeisha, mama. Kuanzia kesho gari zinageukia hapa juu. Hapa ni kugumu. Kule chini ulitupeleka wewe na umeona. Suleiman, hii tawi ya chini ikatwe, gari ipite."

"Halikatwi."

"Linakatwa."

"Mtanikata mimi kwanza."

"Kwa nini?" akapiga kelele. Hajawahi kunipigia kelele. "Mti tu! Ni mti tu, mama!"

"Hapo pamelala mwanangu."

Sikujua kama nimelisema. Nililijua kwa nyuso zao. Suleiman alikuwa amekaa kwenye benchi, akainuka upesi kama aliyekalia moto. "Mwanao nani? Mama?"

"Dada yako. Wa kwanza. Baba yako na ami yako Mwero walimzika hapa, mto ulikuwa umejaa. Na huyu mkeo aling'oa mawe yake akamwekea watu benchi."

Mvua ilianza tena. Nthambi alikuwa ananitazama, na ile hasira ikamtoka usoni yote.

"Mawe gani?" akauliza.

"Mawili. Usijifanye."

"Mama, hapa hakukuwa na mawe."

"Mwongo wewe."

"Nisikize. Mashimo ya benchi nilichimba mwenyewe, mpaka hapa." Akashika bega lake. "Ni mizizi tu. Hapa hapajawahi kuchimbwa, udongo ni mgumu kama sakafu. Mawe mawili nilitoa kule chini. Yalikuwa yamesimama, karibukaribu, kando ya kisiki."

"Kisiki gani?"

"Kisiki ya mkanju. Ilikuwa imeoza. Tulichoma."

Nikataka kumwambia tena kuwa ni mwongo, lakini nilikuwa nimekwisha kukumbuka. Kule uwandani kulikuwa na mkanju mwingine. Ulianguka kwa upepo Suleiman akiwa bado anatambaa. Kutoka mlango wa jikoni haukuwa ukionekana, basi sikuwahi kuutia akilini. Mbarak alisema "penye mkanju". Hakusema mkanju upi, nami sikuuliza, na miaka yote hii nimekuwa nikiusomea Fatiha mti.

Nikatazama chini kule kwenye uwanda, lile shimo limejaa maji mekundu. Magari yote tangu Pasaka. Nani aliyeyapeleka kule? Mimi, na mkeka wangu.

Suleiman aliniteremsha mpaka nyumbani. Ndivyo wanavyosema. Sikumbuki kuteremka.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda uwandani baada ya alfajiri. Nthambi alikuwa amefika kabla yangu, na jembe, miguu mitupu. Alikuwa ameteka maji yote ya lile shimo kwa kopo. Alichutama, akaweka mkono mmoja chini, kisha wa pili.

"Moja lilikuwa hapa. Lingine hapa. Nilishangaa vile ziko karibu."

Urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, na zaidi kidogo. Ndivyo alivyokuwa. Hakuna mtu mwingine aliye hai ambaye angeweza kunionyesha. Mimi mama yake sikupajua.

Gurudumu lilikuwa limechimba palepale, kati ya mikono yake.

Nilimwambia maneno. Hasina ameniruhusu kuyaandika yote, lakini haya sitayaandika. Alisimama na jembe akayasikiliza mpaka yakaisha, hakujitetea hata kwa moja, ingawa angeweza kusema kwamba gari nililileta mimi. Hilo hakulisema. Nilingoja aliseme, nipate kumpiga.

Kisha nikamwuliza mawe yako wapi.

Hapo ndipo alipolia. "Nilidhani ni mafiga ya zamani, mama. Mawe mawili, ya kukaa hivyo, nikafikiria kulikuwa na jiko la mtu hapa. Nikatafuta la tatu, sikuona. Nikayachukua. Ndiyo napikia wageni chai."

Suleiman alikwenda kuyaleta, moja moja, ameyapakata kifuani. Yalikuwa meusi kwa masizi. Nikayaweka kwenye karai nikayasugua kwa makumbi na majivu, Nthambi akinimwagia maji. Upande mmoja ulitakata, upande mwingine masizi yameingia ndani na hayatatoka. Tulijaza shimo kwa udongo mkavu wa chini ya banda. Tukayasimamisha, la kichwani, la miguuni. Suleiman alisoma dua, akakwama katikati, akaimaliza. Kisha akaenda kusimama mbali kando ya gari lake na kutugeuzia mgongo.

Nthambi alibaki. Alikuwa na tope mpaka magotini.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Sikumsamehe, na sijui kama nitamsamehe, na nyumba itaendelea kuwa na vita, kwa kuwa benchi bado liko na ulimi wangu bado uko. Lakini nilikuwa nikitafuta kichwani ni nani mwingine aliyewahi kuniuliza. Bibi aliyemkosha hakuuliza. Mwero hakuuliza. Mbarak alilijua akakataza.

"Twaiba," nikasema. "Twaiba binti Mbarak."

Akalitamka, akalivunja. Nikamsahihisha. Akalirudia, nikamsahihisha tena, tumesimama hivyo mvuani, mpaka akalipata.